Bluegrass haizeeki: tunaanzaje mduara hapa L'shi (Lubumbashi) bila banjo?

Mwana_Kamalondo

Jambo yenu wote. Tuko wanne: gita kavu mbili, mandolini moja, na mama mmoja wa kwaya mwenye sauti ya juu. Tumezoea kusikiliza bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa Marekani, kwenye simu, sasa tunataka kuipiga wenyewe kila siku ya posho jioni, nje, bila mashine wala umeme. Maswali ni manne.

La kwanza si la ufundi. Muziki huu una miaka karibu 80, hauna ngoma, redio zetu haziupigi, lakini mashabiki wake hawauachi, na watoto wao wanaupokea. Ni nini kinachowashika? Nauliza ili tujue kitu gani tusikipoteze tukianza.

La pili: banjo ya nyuzi tano hatuna, na kuagiza moja ni ghali kuliko gita zetu zote mbili. Gita inaweza kushika nafasi yake?

La tatu: mduara unapangwaje? Sasa hivi kila mtu anapiga wimbo wote mwanzo mpaka mwisho, na mwimbaji hasikiki.

La nne ni la mafundi. Tangu mwezi wa sita ncha za freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenye gita moja zinakwaruza mkono, na nyuzi zimeshuka mpaka zinalia zzz. Ni nyuzi mbovu au ni mbao?

Gumba_na_Shahada

Ndugu, acha nianze na la kwanza, maana mengine yamefungwa humo.

Shabiki wa bluegrass mara nyingi ana chombo chake nyuma ya gari. Tamasha la kwanza la siku kadhaa la muziki huu liliandaliwa na Carlton Haney mwezi wa tisa 1965, kwenye shamba la farasi huko Fincastle, Virginia, na tamasha zilizofuata zimekuwa na pande mbili: jukwaa, na uwanja wa magari. Kwenye uwanja wa magari watu wasiojuana wanasimama duara, mmoja anataja wimbo na toni, wanaanza. Kuna wanaokaa huko siku nzima bila kukanyaga mbele ya jukwaa, na hawajioni wamekosa kitu. Jaribu kufanya hivyo na rumba ya orkesta kubwa: kila wimbo una mpangilio wake, sebene yake, mahali pake pa kukatika. Asiyefanya mazoezi na kundi hilo anabaki nje. Bluegrass imejengwa kinyume. Akordi tatu au nne, nyimbo nyingi ambazo wote wanazifahamu, na desturi moja ya nani apige lini. Ukijua desturi umeingia. Kijana wa miaka 15 na mzee wa 75 wanapata kazi ndani ya wimbo uleule, na kazi ya mzee si ya kumheshimu tu.

Pili ni maneno. Bill Monroe, baba wa bluegrass, alizaliwa Rosine, Kentucky, mwaka 1911, na akiwa kijana aliwafuata kaka zake Indiana kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Wengi waliompenda mwanzoni walikuwa watu wa namna hiyo: wameacha shamba na milima kwa sababu ya mshahara, usiku wanafikiria nyumba ya mama. Hapa Katanga sioni haja ya kufafanua. Kambi za Union Minière, kampuni ya migodi, zilijaa watu waliotoka mbali, na gita kavu ya Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, iliwafikia watu wa maisha hayohayo. Tofauti ni kwamba Monroe aliweka maneno ya kilio juu ya mwendo wa kukimbia. Kaburi, treni iliyoondoka, mama aliyekufa, na chini yake mapigo ya arusi. Ukipunguza mwendo ili kuheshimu huzuni, umeiua. Hicho ndicho kitu cha kwanza msikipoteze.

Cha pili ni vidole. Monroe aliingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, mwaka 1939 na kundi lake Blue Grass Boys, jina lililotoka kwa jimbo lake. Lakini sauti tunayoiita bluegrass ilikamilika mwezi wa kumi na mbili 1945 alipoingia Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu. Lester Flatt alikuwa kwenye gita, Chubby Wise kwenye fidla, Howard Watts kwenye besi. Flatt na Scruggs waliondoka 1948 wakaanzisha kundi lao, na mpaka leo kila kundi jipya linapimwa kwa zile rekodi za 1946 na 1947. Zitafute, uzisikilize kwanza kabla ya za kisasa.

Sasa angalia mkono wa Scruggs kwa karibu. Mzunguko mmoja una noti nane. Gumba (G), kidole cha shahada (S), kidole cha kati (K). Mfano mmoja, namba ni ya uzi:

G3 S2 K1 – G5 S2 K1 – G5 K1

Hesabu makundi: tatu, tatu, mbili. Gumba ndilo linaloanza kila kundi, na hapo ndipo sikio linasikia mkazo. Mtu yeyote aliyekulia na muziki wa hapa anaijua 3-3-2 hata kama hajawahi kuihesabu. Ndiyo sababu bluegrass hailali: mandolini na besi zinagawa mapigo sawasawa, mbili na mbili, wakati banjo inagawa tatu-tatu-mbili juu yao. Ngoma ya nini tena?

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuupiga mzunguko kama noti nane zenye nguvu sawa. Inatoka kama cherehani. Kosa la pili ni kukimbia. Weka metronomi ya simu kwenye 60, noti mbili kwa kila pigo, ukae hapo mpaka noti ya nane iungane na ya kwanza bila pengo. Halafu panda kwa 5. Ukianza kukaza kiganja, rudi 10 nyuma.

Kama mmoja wenu anapiga gita kwa mtindo wa zamani wa Katanga, gumba na shahada tu, asiuache. Mwenda alipiga kwa vidole viwili hivyo. Na Merle Travis, mtu wa Kentucky ambaye wapiga gita wengi wa kule wanamfuata, naye alipiga kwa gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inaimba. Hiyo tayari ni besi na solo kwa mtu mmoja.

Mtoto_wa_Kenya

Samahani yaya, lakini huu si muziki wa wazungu wa milimani tu? Sisi tunao wa kwetu, tunahangaika nao wa nini.

Gumba_na_Shahada

Mtoto wa Kenya, banjo yenyewe ilitoka Afrika Magharibi na watu waliouzwa utumwani. Wajola wa Senegambia wana akonting mpaka leo: kibuyu kilichowambwa ngozi, fimbo ndefu kama shingo, na uzi mfupi wa juu unaopigwa na gumba. Ule uzi mfupi ndio uzi wa 5 wa banjo. Na Monroe alipokuwa kijana alipiga kwenye dansi pamoja na Arnold Shultz, mpiga gita na fidla mweusi wa Kentucky, na maisha yake yote alisema alijifunza kwake. Baadaye milango ilifungwa, muziki ukauzwa kama wa wazungu peke yao. Ukiupiga kwenye mitaa yetu ya Katuba au Kenya hujaazima kitu cha ajabu sana.

Mwenda naye alialikwa Newport Folk Festival, huko Marekani, mwaka 1969. Njia hii imepitwa kutoka pande zote mbili.

FundiMbao_Katuba

Naanza na swali la nne maana hilo halingoji.

Ni mbao. Kuanzia mwezi wa tano hewa ya L'shi inakauka. Ubao wa shingo unasinyaa kwa upana, lakini freti ni chuma, hazisinyai, basi ncha zinatokeza nje. Wakati huohuo kifua cha gita kinanywea, daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi kifuani) linashuka nacho, na nyuzi zinakaribia freti: hapo ndipo zzz inapotoka. Usipige tupa ncha za freti sasa, wala usizungushe chuma cha ndani ya shingo. Mvua zikirudi mbao itavimba, na utakuwa na gita yenye freti fupi na shingo iliyopinda.

Fanya hivi. Chukua kisanduku cha plastiki cha sabuni, kitoboe matundu kama 20 kwa sindano ya moto, weka ndani sponji iliyolowa kisha ukaikamua mpaka haitoi tone hata ukiifinya. Kiweke ndani ya sanduku la gita karibu na kichwa cha shingo, kingine chini ya nyuzi kwenye tundu la sauti, funga sanduku. Angalia kila siku tatu, lowesha tena. Unatafuta unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kipimo kidogo cha dijitali kinatosha. Wiki mbili, wakati mwingine tatu. Sponji ikidondosha maji ndani, gundi ya mbao za ndani itaachia, hasara yake ni kubwa kuliko ile ya ukavu. Na gita isiegemezwe kwenye ukuta wa bati au kuachwa ndani ya gari mchana.

Ikisharudi, ndipo upime. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja. Juu ya freti ya 7 kuwe na nafasi ya robo milimita hivi, unene wa kadi ya mwaliko. Kwenye freti ya 12 uzi wa 6 uwe juu kwa milimita 2.5 hadi 2.8, uzi wa 1 kwa 2. Wapiga rumba wanapenda chini zaidi. Kwa bluegrass usishuke hapo, kwa sababu akompa (gita ya kusindikiza) inapigwa kwa nguvu na uzi unahitaji mahali pa kucheza.

Sasa banjo. Gita inaweza kushika nafasi yake vizuri kuliko watu wanavyofikiri, kwa uzi mmoja tu wa kununua.

Banjo imelinganishwa hivi, kutoka uzi wa 4 kwenda wa 1: re, sol, si, re, na uzi wa 5 mfupi ni sol ya juu. Gita yako tayari ina re, sol, si kwenye nyuzi za 4, 3 na 2. Shusha uzi wa 1 kutoka mi mpaka re. Toa uzi wa 6 kabisa. Toa uzi wa 5, mahali pake weka chuma chembamba cha 009, yaani uzi wa 1 wa seti nyepesi ya gita ya umeme. Ulinganishe na uzi wa 1 uliobonyezwa freti ya 5. Ukipiga zote wazi unapata akordi ya sol.

Mahali pa kuharibikiwa ni pawili. Mfereji wa uzi wa 5 kule juu ya shingo ulichongwa kwa uzi mnene. Ule mwembamba unatembea humo na unalia. Jaza kwa unga wa mfupa na tone moja la gundi kali, acha ukauke, chonga mfereji mpya kwa wembe. Usijaze kwa njiti ya kiberiti: ni laini, chuma kinaikata kwa siku chache. Pili, chuma hicho kinakatika kwa urahisi ukikipandisha haraka. Zungusha polepole, na chuma kizunguke kwenye funguo mara tano au sita, si mara mbili.

Watu wengine wanachambua waya wa breki ya baiskeli. Sauti inatoka, ndiyo, lakini unene wake haulingani tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo ukiulinganisha wazi utakuwa umepotea kwenye freti ya 7. Kwa uzi wa 5, ambao mkono wa kushoto hauubonyezi, unaweza kuvumilika. Kwa nyingine hapana.

Kuna jambo moja ambalo kubadilisha nyuzi peke yake hakuliondoi. Noti ya banjo inakufa haraka, kwa sababu daraja limekaa juu ya ngozi iliyokazwa, si juu ya ubao. Mizunguko yote ya Scruggs ni ya kujaza ule ukimya. Gita noti zake zinadumu, zinapandana, unapata uji. Kata ukanda wa sponji wa unene wa milimita 5, uupitishe chini ya nyuzi ukigusa daraja, bila kubana. Kisha piga karibu na daraja, sentimita 3 au 4 kutoka hapo. Uji unaondoka.

Kucha za chuma: moja kwenye shahada, moja kwenye kidole cha kati, ya plastiki kwenye gumba. Ubapa unakaa upande wa nyama ya kidole, si juu ya ukucha. Wanaoanza karibu wote wanaivaa kinyume. Huna? Shaba nyeupe au ya manjano ya nusu milimita inakatika kwa mkasi wa bati na kupinda kwa koleo. Kopo la soda ni jembamba mno, linajikunja wimbo wa kwanza. Ya gumba inatoka kwenye kipande cha bomba la plastiki, lilainishe kwenye maji yanayochemka, likunje juu ya kijiti cha unene wa gumba lako.

Na siku mkipata banjo ya kweli, ya kutumika, msiichukie siku ya kwanza. Sauti mbaya mara nyingi inatoka kwenye vitu viwili. Daraja halijabandikwa, linasogea. Gusa uzi wa 1 juu ya freti ya 12 bila kubonyeza upate ile sauti ya filimbi, kisha bonyeza palepale upige tena. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza daraja kuelekea mkia. Ikiwa chini, kuelekea shingo. Halafu ngozi ya plastiki: kaza nati robo mzunguko kila moja, ukivuka kwenda ya upande wa pili kama unavyokaza gurudumu la gari, mpaka ukigonga kwa kidole usikie kitu karibu na sol. Ikilegea daraja linazama na sauti inakuwa ya sufuria yenye maji. Ukizidisha inapasuka.

Daraja likivunjika, usichonge jingine la mbao ya mulombwa ukaliacha nene. La kiwandani lina gramu 2 hivi. Zito linakula sauti yote.

Mtoto_wa_Kenya

Fundi, na kutengeneza banjo nzima hapa haiwezekani?

FundiMbao_Katuba

Inawezekana. Mmarekani Pete Seeger alipopiga banjo Prague mwaka 1964, Mcheki Marko Čermák alijitengenezea banjo ya nyuzi tano kwa kutazama picha za tamasha hilo, na huko kwao mpaka sasa mafundi wa banjo na mashabiki ni wengi kupita kiasi kwa nchi ndogo. Kinachotesa ni kipimo cha freti na pete ya chuma inayovuta ngozi. Urefu kutoka kichwa cha shingo, pale kwenye mifereji ya nyuzi, mpaka daraja ni sentimita 67 hivi, na kila freti inakaa kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Kwa sentimita 67, freti ya 1 iko milimita 37.6 kutoka kichwa. Toa, gawa tena, endelea. Ukikosea milimita moja juu, wapiga mandolini watakukimbia.

Yaya_Mandolini

Mwana Kamalondo, mnachofanya sasa, wote kupiga wimbo mwanzo mpaka mwisho, si makosa. Kina jina lake: ndio muziki wa zamani wa milimani, uliotangulia bluegrass, fidla na banjo zikitembea pamoja. Bluegrass ilichukua nyimbo hizohizo ikasema: mmoja anaongea, wengine wanamshikilia. Mkilishika hilo, nusu ya fujo imeisha.

Kazi ziko hivi. Besi inapiga pigo la 1 na la 3, mzizi wa akordi kisha noti ya tano yake. Mandolini inakata pigo la 2 na la 4. Akompa inajaza katikati: bum ya uzi mnene, cha ya nyuzi nyembamba. Banjo inatiririka juu. Ninyi mna gita mbili. Msizifanye akompa zote mbili, zitafunika kila kitu. Moja iwe ile ya fundi, banjo. Nyingine ifanye akompa, na gumba lake lipige kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, maana ndilo besi yenu mpaka mtakapopata besi. Mkipata mtu wa kalindula au besi ya sanduku na uzi mmoja, mkaribisheni. Noti mbili kwa kila akordi zinamtosha.

Mandolini ndiyo ngoma yenu. Akordi ya sol ya kukata, kutoka nyuzi nene kwenda nyembamba: freti 7, 5, 2, 3. Hakuna uzi wazi hata mmoja, na hiyo ndiyo siri. Piga, na mara hiyohiyo legeza vidole vya kushoto bila kuvitoa juu ya nyuzi. Inatoka "chak", fupi na kavu. Ukichelewa kulegeza inatoka "chaang", na mduara mzima unazembea. Sogeza umbo zima freti mbili juu, umepata la. Do ni 5, 2, 3 kwenye nyuzi tatu nene, ya nne usiiguse. Re ni umbo hilo la do likisogezwa freti mbili. Vidole vitauma wiki ya kwanza, umbo la sol ni pana. Anza na nyuzi tatu nene peke yake.

Mwenye kutaja wimbo ndiye mkubwa wa wimbo huo. Anasema toni, anaanza mwenyewe au anamwonyesha mtu kwa kidevu. Akordi zinatajwa kwa namba ili zisiharibike mkibadilisha toni: kwenye sol, 1 ni sol, 4 ni do, 5 ni re. Asiyejua wimbo anatazama mkono wa kushoto wa mwenye gita, si mdomo wa mwimbaji. Solo inazunguka kwenda kushoto, ubeti mmoja kila mtu. Asiyetaka anatikisa kichwa na inapita, hakuna aibu. Wakati wa kuimba, ni chombo kimoja tu kinachojibu maneno, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Wengine wanashusha. Banjo hasa, maana ina hamu ya kuongea muda wote. Mwisho, mkubwa wa wimbo anainua mguu mmoja mbele: maana yake, tunafunga hapa.

Mwenye akompa ajifunze mstari mmoja wa Flatt, unaofunga karibu kila ubeti kwenye sol. Uzi wa 6 freti 3. Uzi wa 5 wazi, 1, 2. Uzi wa 4 wazi, 2. Uzi wa 3 wazi. Noti saba. Unaanguka kwenye sol ya mwisho pamoja na pigo la 1, si kabla. Watu wanaukimbiza, wanafika mapema, wanabaki wakingoja wenzao.

Sasa mama wa kwaya. Hapo kuna mtego. Kwenye kwaya sauti ya juu kabisa ndiyo inayobeba wimbo. Kwenye bluegrass wimbo unakaa katikati, na sauti ya pili inapanda juu yake, kali, karibu ya kulia. Mama akichukua wimbo juu kabisa, hakuna atakayeweza kukaa juu yake. Basi ama aimbe wimbo kwenye toni ya chini kidogo kuliko anavyopenda, na mwingine apande. Ama mwanaume abebe wimbo na mama akae juu. La pili ndilo litakalowapa ile sauti mnayoisikia kwenye simu. Na mwambieni asitikise sauti mwishoni mwa mstari. Noti inatoka imenyooka kama kamba ya kuanikia, inakatwa.

Toni inachaguliwa na mwimbaji, vyombo vinafuata. Kapo (kibanio cha nyuzi shingoni) freti ya 2 na maumbo ya sol inakupa la, freti ya 4 inakupa si, toni aliyoipenda Monroe. Gita-banjo yenu ikiwekwa kapo freti ya 2, kapo ibane nyuzi nne tu. Uzi wa 5 pandisheni kwa funguo kutoka sol mpaka la. Zaidi ya hapo utakatika. Kwenye banjo ya kweli watu wanapigilia vimisumari vidogo vya reli za kuchezea kwenye freti ya 7 na ya 9, uzi wa 5 unanaswa chini yake.

Mwana_Kamalondo

Aksanti sana yaya, fundi, na wote. Swali la mwisho: kuna shughuli ya familia, watatupa mikro moja tu, jenereta ndogo. Tufanyeje na watu wanne?

Yaya_Mandolini

Moja ndiyo inayotakiwa, makundi ya zamani yaliimba hivyo. Iwekeni juu ya stendi kwa kimo cha kidevu cha mwimbaji, ikielekea kidogo chini ili ipate na vyombo. Mwimbaji asimame sentimita 40 kutoka kwake. Akompa nyuma ya bega lake la kushoto, mandolini nyuma ya bega la kulia, gita-banjo hatua moja na nusu nyuma.

Anayepiga solo anaingia kutoka kulia akiinamisha chombo mpaka tundu la sauti liwe sentimita 20 kutoka mikro, mwimbaji anatoka kwa kushoto. Wote mzunguke upande mmoja, la sivyo kichwa cha gita kitamgonga mtu, na hilo linatokea kila mara kwenye jioni ya kwanza. Anza kusogea kabla ubeti haujaisha, kwenye mstari wa mwisho, ili noti ya kwanza ya solo isipotee njiani. Kwenye kiitikio vichwa vitatu vinakaribiana: mwenye wimbo katikati, mwenye sauti ya juu anarudi nyuma nusu hatua, kwa sababu yake inapenya yenyewe.

Mikro ya kuimbia ya kawaida, ile ya kushika mkononi, haisikii mbali. Mkiwa na hiyo, fupisheni vipimo vyote kwa nusu. Mashine ikianza kupiga mluzi msiongeze sauti: sogezeni spika mbele yenu mita mbili, zikitazama watu, na jenereta ikae nyuma ya nyumba.

Fanyeni mazoezi ya kutembea bila kupiga, mara tatu, mkihesabu kwa mdomo.